Turbo haijafa, kilango ndicho kimelegea

Ukipita asubuhi kwenye magaraji ya Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, utasikia hukumu moja ikitolewa kwa magari ya kila aina: "Turbo ilishakufa." Gari likitoa moshi mweusi, turbo ilishakufa. Likichoka kwenye mlima wa kwanza, turbo ilishakufa. Likigonga kama kopo la maziwa ya unga lililotiwa misumari, hapo hakuna hata mjadala. Mwenye gari anaanza kupigia ndugu zake simu za kukopa.

Langu lilihukumiwa hivyohivyo. Ni Prado kuukuu yenye injini ya 1KZ-TE, lita tatu za mazutu, au dizeli kama wanavyosema ng'ambo ya mpaka. Usukani uko kulia ingawa sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara pia, kama magari mengi yanayotufikia kutoka Japani. Lilianza kugonga nikipanda mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola, gia ya pili, mafuta nimekanyaga nusu: kra-kra-kra ya haraka, nyembamba, ya chuma kwa chuma. Nikikanyaga zaidi, inapotea. Nikiachia, inarudi kidogo, halafu kimya.

Fundi wa kwanza aliinua boneti, akasikiliza muda wa kumeza mate, akaifunga. "Papa, hii turbo ilishakufa. Tafuta dola mia sita, nikuletee ya okazioni," yaani iliyokwishatumika. Nikamwambia naenda kufikiri, maneno ambayo kwetu kila mtu anajua maana yake ni kwamba mfuko hauna kitu. Umaskini ule ndio ulioniokoa. Katika wiki ile ya "kufikiri" nilipata nafasi ya kuuliza, kusoma na kuchungulia, nikagundua kwamba kilichokuwa kinagonga ni kipande kisichozidi upana wa kifuniko cha chupa ya bia ya Primus.

Turbo yenyewe ni nini

Tuanze pale Ruzizi, maana sisi wa Bukavu tunao mfano mzuri mlangoni. Maji yakitoka ziwa Kivu yanateremka kwa nguvu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 bwawa la Ruzizi la kwanza limekuwa likiyapitisha kwenye turbini: magurudumu yenye mapanga, yanayosukumwa na maji na kuzungusha mashine ya umeme. Maji yangepita bure. Sasa yanafanya kazi njiani.

Turbo ya gari ni hivyohivyo, ila badala ya maji kuna moshi. Injini ikichoma mafuta, moshi unatoka kwa kasi na joto kubwa, na kwenye gari la kawaida nguvu hiyo inaishia hewani. Turbo inaweka gurudumu dogo la mapanga kwenye njia ya huo moshi. Gurudumu hilo limeshikana kwa shafti moja na gurudumu la pili lililo upande wa pili wa ukuta, na la pili kazi yake ni kuvuta hewa safi kutoka kwenye filta na kuishindilia ndani ya injini. Hewa nyingi zaidi inaruhusu kuchoma mafuta zaidi, na nguvu inaongezeka bila kuongeza ukubwa wa injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili wazo hili mwaka 1905, kwa hiyo si uchawi wa juzi.

Shafti hiyo inazunguka kwa kasi isiyoingia akilini kirahisi. Wakati injini ya mazutu inachoka ikifika mizunguko 4,000 kwa dakika, shafti ya turbo inapita mizunguko 100,000. Haipandi juu ya beringi za gololi kama gurudumu la baiskeli. Kwenye turbo nyingi inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Tutarudi kwenye oili hiyo, kwa sababu ndiyo inayoua turbo kweli, tofauti na kelele niliyokuwa nayo.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa milimani kuliko watu wa Dar es Salaam au Mombasa. Bukavu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho msukumo wa hewa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo inapumua hewa nyepesi na kupoteza nguvu papo hapo. Injini yenye turbo inajitetea: gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege hadi kileleni mwa Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,000, ili kuonyesha jambo hilihili: turbo inairudishia injini pumzi ambayo mlima umeiibia. Turbo ya Bukavu basi haipumziki kama ya pwani. Tunaipandisha kila siku, na kwenye mitaa yetu hakuna safari ya tambarare hata ya kwenda kununua mkate.

Kilango na pafu lake

Rudi bwawani. Mvua ikinyesha kupita kiasi, huwezi kulazimisha maji yote yapite kwenye turbini. Kuna milango ya kupitishia maji ya ziada kando. Turbo nayo inahitaji mlango kama huo. Bila hiyo, kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo moshi unavyoongezeka, gurudumu linakimbia zaidi, hewa inashindiliwa zaidi, inachoma mafuta zaidi, inatoa moshi zaidi. Mduara usio na breki mpaka kitu kipasuke.

Kilango hicho cha pembeni ndicho vitabu vya magari vinachokiita westigeti. Ni kisahani cha chuma kinene kinachoziba tundu ndani ya nyumba ya turbo, upande wa moshi. Kikifunguka, sehemu ya moshi inapita tunduni moja kwa moja kwenda bomba la moshi bila kugusa gurudumu. Kisahani kimeshikwa na mkono mfupi. Mkono huo unaendelea kama ekseli ndogo inayotoboa ukuta wa turbo na kutokea nje, na pale inapopenya ukuta imevikwa bushi, yaani kipande cha bomba la chuma kinachoishika ili izunguke bila kuyumba. Nje, mkono umeungana na kijiti cha chuma, na kijiti kimeungana na kopo dogo la duara ambalo mafundi wetu, kwa Kifaransa cha shuleni, wanaliita pumo. Maana yake pafu, na jina limekaa vizuri, kwa sababu ndani yake kuna ngozi ya mpira inayovimba na kusinyaa.

Pumo ziko za namna tatu, na ukizichanganya utapotea. Ya kwanza, iliyo kwenye 1KZ yangu na magari mengi ya zamani, inasukumwa na hewa ya turbo yenyewe: springi inakifunga kilango, msukumo ukizidi kiwango, ngozi inavimba, kijiti kinatoka, kilango kinafunguka. Ya pili inafanya kinyume, inavutwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa, ili kufunga. Mpira wake mwembamba ukipasuka, kilango kinaachwa kikining'inia wazi. Ya tatu ni mota ya umeme inayoamriwa na kompyuta ya gari.

Kisha kuna turbo ambazo hazina kilango kabisa. Hilux na Prado za injini ya 1KD-FTV, ambazo ziko nyingi hapa kwetu, zina turbo ya mapanga yanayogeuka: badala ya kupitisha moshi kando, vibati vidogo vinavyozunguka gurudumu vinajipanga upya kupanua au kubana njia ya moshi. Fundi akikuambia kwamba westigeti ya 1KD yako imelegea, muombe akuonyeshe kilipo. Ugonjwa wa kawaida wa turbo hizo ni masizi kukwamisha vibati, na dalili yake ni gari kukosa nguvu ghafla na taa ya injini kuwaka, si kugonga kwa kopo.

Kwa nini kinagonga

Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, pigo moja kila silinda inapofungua valvu yake. Injini ya silinda nne inatoa mapigo mawili katika kila mzunguko. Ikiwa imesimama bila kukanyagwa, mizunguko 800 kwa dakika, hayo ni mapigo 1,600, karibu 27 kila sekunde. Kwenye mizunguko 2,000 ni zaidi ya 60 kila sekunde. Kila pigo linakipiga kisahani kofi.

Kilango kikiwa kipya, springi inakibana na bushi inaukamata mkono, kofi halisikiki. Lakini pale penye bushi panapita joto la mamia ya nyuzi. Kwenye injini ya mazutu iliyobebeshwa mzigo moshi unaweza kukaribia nyuzi 700, kwenye ya esansi, yaani petroli, unapita 900. Hakuna oili inayofika hapo. Chuma kikavu kinasuguana na chuma kikavu, kimeungua, kina kutu na masizi, miaka kumi, miaka ishirini. Tundu la bushi linaliwa. Kisahani nacho, ambacho kimefungwa kwenye mkono wake kikiachiwa nafasi kidogo ili kikae sawasawa juu ya tundu, kinapata nafasi kubwa kuliko iliyokusudiwa.

Umeshaona sufuria ya maharage ikichemka. Ukiukandamiza mfuniko, kimya. Ukiuondoa kabisa, kimya. Ni pale unapouacha umekaa tu, umeinuka kidogo, mvuke ukiusukuma na kuuachia, ndipo unapocheza ngoma. Kilango ni hivyo: kinagonga kikiwa katikati, wakati kinapoanza kufunguka au springi inapokishika kwa ulegevu. Ndiyo maana kelele yangu ilikuja mguu ukiwa nusu na kutoweka nilipokanyaga sana. Kwenye magari ambayo kompyuta inakiacha kilango wazi kidogo injini ikinguruma bila kukanyagwa, kelele hiyohiyo inasikika asubuhi gari likiwashwa likiwa la baridi, kisha inapungua chuma kikipata joto na kutanuka.

Hili si tatizo la magari ya okazioni peke yake, wala la Toyota. Injini ya BMW ya turbo mbili iitwayo N54, iliyotoka mwaka 2006, ilijulikana Marekani na Ulaya kwa kugonga huku, na watu walionunua gari jipya kwa bei ya nyumba walisikia misumari ileile ndani ya kopo.

Sikiliza kabla ya kulipa

Garaji la pili, upande wa Nguba, halikuwa na mashine yoyote ambayo la kwanza halikuwa nayo. Lilikuwa na kijana mwenye subira. Aliniuliza kwanza maswali ambayo ningependa kila mwenye gari afike nayo yakiwa yameshajibiwa: inagonga ikiwa baridi au moto? Gari limesimama au linatembea? Ukikanyaga, ukishikilia, au ukiachia? Inafuata mwendo wa injini au mwendo wa magurudumu? Swali la mwisho linaokoa watu wengi, kwa sababu kinachogonga kwenye mawe ya barabara gari likiwa limetolewa gia hakihusiani na turbo. Ni shokabzoba, au jeki iliyolegea nyuma ya kiti.

Halafu akalala chini ya gari. Mshukiwa wake wa kwanza hakuwa kilango bali mabati ya kukinga joto, yale mabati membamba yaliyofungwa kuzunguka bomba la moshi na juu ya turbo. Bulo zake, yaani bolti, zinakatika kwa kutu, na bati lililolegea linatoa sauti ambayo hata mimi siwezi kuitofautisha na ya kilango. Aliyagonga moja baada ya jingine kwa ngumi, gari likiwa la baridi. Bati bovu linajibu kwa kutetemeka. Likipatikana, dawa yake ni serfleksi, yaani klampu ya chuma, ndefu ya kulizungushia na kulikaza, na hapo mtu anarudi nyumbani na dola zake mia sita.

Kwenye magari ya esansi yuko mshukiwa mwingine chini kabisa, lile bomba nene la kusafishia moshi: sega lililomo ndani likivunjika, vipande vinacheza kama mbegu ndani ya kibuyu. Na sauti ya tik-tik-tik inayosikika karibu na kichwa cha injini asubuhi na kupungua baadaye mara nyingi ni gasketi ya manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda, inayovujisha moshi; tafuta alama ya masizi meusi pembeni yake. Kelele ikitoka mbele ya injini, pale penye mnyororo wa taimingi, usiahirishe hata siku moja, maana mnyororo ukiruka injini nzima inakwenda.

Mabati yangu yalikuwa mazima. Kijana akashika kijiti cha pumo kwa vidole na kukitikisa. Kijiti kizima hakipaswi kucheza hovyo. Cha kwangu kilicheza, na mkono wa kilango, pale unapotokea kwenye ukuta wa turbo, ulipanda na kushuka kiasi cha kuonekana kwa macho. Pembeni ya bushi kulikuwa na duara la masizi, dalili kwamba moshi ulikuwa unapenya hapo.

Kisha likaja jaribio ambalo limebaki kichwani mwangu. Aliwasha injini, akachukua koleo refu, akakibana kijiti akikivuta kidogo kuelekea upande wa kufunga. "Papa, kanyaga pole-pole." Nikakanyaga hadi mahali nilipokuwa nasikia kelele. Kimya. Akaachia: kra-kra-kra. Akabana tena: kimya. "Si turbo, papa. Ni kamlango." Jaribio hili lifanywe na mtu anayejua mikanda na feni ziko wapi, mwenye nguo ya mikono mirefu, na injini ikiwa bado haijapata moto, kwa sababu turbo iliyotoka mlimani inachuna ngozi ukiigusa tu.

Hakuishia hapo, na ndipo nilipomuamini. Alizima gari, akaondoa mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, akaingiza vidole akashika ncha ya shafti. Akaisukuma pembeni: ikacheza kidogo sana. Hii ni kawaida, ndiyo nafasi ya ule utando wa oili, ingawa mafundi wengine wanamwonyesha mteja mchezo huohuo kama ushahidi wa kifo. Akaivuta na kuisukuma kama mtu anayefungua na kufunga droo: haikusogea. Ingekuwa inasogea hivyo, au mapanga yangekuwa na alama za kukwangua ukuta, hapo kweli tungezungumzia turbo mpya. Mpira ulikuwa na unyevu mdogo wa oili, si dimbwi. Moshi haukuwa wa bluu. Hakukuwa na mluzi kama king'ora unaopanda na kushuka na injini. Turbo yenyewe ilikuwa nzima.

Yanayosemwa magarajini

Dawa ya kwanza utakayopewa mjini ni kubadilisha oili na kuweka nzito zaidi. Oili nzito inaweza kufunika kelele za ndani ya injini iliyochoka, lakini kwenye bushi ya kilango oili haifiki, iwe nzito au nyepesi. Kumwagia grisi kwa nje ni hivyo tu: inaungua kabla hujafika Place ya Uhuru, na gari linanuka.

Dawa ya pili ni waya. Nimeona kwa macho yangu kijiti kilichofungwa kwa waya wa uzio. Kelele inaisha, bila shaka, sawa na mfuniko wa sufuria uliowekewa jiwe. Wapo hata wanaokichomelea kilango kwa welding kisifunguke tena, na mwenye gari anafurahi siku za kwanza kwa sababu gari linapaa. Lakini tayari tumeona mlango wa bwawa ni wa nini. Siku ya kupanda mlima umebeba mizigo, hewa inazidi, joto linapanda, na kinachokatika ni gasketi ya kichwa au pistoni. Nyumba ya turbo ni chuma cha kusubu pia, na kuichomelea vibaya kunaiachia ufa.

Je, unaweza kuendelea kuendesha na kelele hiyo? Hapa watu wanatishana bure. Kilango kinafungukia upande wa kutokea, baada ya gurudumu, kwa hiyo hata kisahani kikidondoka mara nyingi kinaishia kwenye bomba la moshi badala ya kuyasaga mapanga. Kugonga peke yake hakuui injini wiki ijayo. Kinachotokea ni kwamba kilango kisichoziba vizuri kinavujisha moshi ambao ungefanya kazi, turbo inachelewa kuamka, mazutu yanaliwa zaidi, na kwenye gari la kompyuta taa inawaka. Unayo miezi ya kutafuta pesa. Miaka huna.

Na lile la kuacha injini ikinguruma dakika ishirini kabla ya kuzima "ili turbo ipoe"? Chanzo chake ni cha kweli. Ukizima ghafla baada ya kuupanda mlima kwa nguvu, oili inasimama ndani ya turbo yenye moto na kuungua kuwa makaa, na makaa hayo yanaziba njia ya oili. Lakini dakika moja au mbili zinatosha, na kama umeingia mjini ukitembea taratibu kwenye msongamano, imeshapoa njiani. Dakika ishirini ni mazutu yanayokwenda bure.

Kurekebisha

Kuna daraja tatu za kazi, na bei zinapanda kama ngazi za Kadutu.

Ya kwanza ni kuondoa ulegevu kwa nje. Mahali kijiti kinapoungana na mkono pana pini ndogo na klipu. Zikilika, badilisha hizo tu. Baadhi ya watengenezaji magari wenyewe wametoa klipu ya springi inayobana kiungo hicho kisicheze. Kama bushi haijaliwa sana, hii inaweza kutosha kwa muda mrefu.

Pamoja nayo ipo kazi ya kukaza kijiti. Ncha yake ina nyuzi za bulo, na ukikifupisha kidogo springi inakibana kilango zaidi. Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapoharibu. Kila mzunguko wa nati unaongeza msukumo ambao turbo itafikia kabla ya kilango kufunguka, kwa hiyo anayekaza mpaka kelele iishe amebadilisha nguvu ya injini bila kupima. Kazi nzuri inafanywa kwa pampu ya mkono yenye geji: unaipa pumo hewa taratibu na kutazama kijiti kinaanza kusogea kwenye msukumo gani. Kwa turbo nyingi za aina hii ni mahali fulani kati ya nusu bari na bari moja, bari ikiwa kipimo cha msukumo. Namba halisi ya injini yako iko kwenye kitabu chake. Ukishusha, kijiti kirudi. Ukishikilia, geji isianguke. Ikianguka, ngozi imepasuka na pumo ibadilishwe. Usikubali wachomeke mpira wa kompresa ya matairi moja kwa moja. Hewa ile ni mara nyingi zaidi ya inayohitajika, na ngozi nzima inapasuka mbele yako.

Daraja la pili ndilo lililoniangukia: bushi. Turbo inashushwa, nyumba ya moshi inatenganishwa, bulo zenye kutu zinakatika na kusababisha matusi ya lugha tatu. Bushi ya zamani inatolewa, mpya inachongwa kwenye mashine ya tono, ile inayozungusha chuma kikichongwa, na kuingizwa kwa kubana. Chagua chuma cha pua kinachostahimili joto. Fundi wa tono alinipendekezea shaba, kwa kuwa alikuwa na kipande mezani na inachongeka kama sabuni. Katanga inatulisha kwa shaba, lakini mahali hapa haifai: haihitaji kuyeyuka ili ishindwe, inalainika mapema na kuliwa upesi kuliko ile uliyoitoa.

Daraja la tatu ni turbo nzima, na lifikiwe tu kama shafti inacheza kama droo, mapanga yamekwangua ukuta, au nyumba imepasuka. Hapo swali la kwanza liwe kilichoua ya zamani, maana mara nyingi ni oili chafu au filta ya hewa iliyopasuka ikavuta vumbi, na turbo mpya itakufa kwa ugonjwa uleule. Oili na filta zibadilishwe siku hiyohiyo, mrija wa oili usafishwe au ununuliwe mpya, turbo itiwe oili kwa mkono, na injini izungushwe kwa stata bila kuwaka hadi oili ifike. Sekunde chache za kuzunguka kavu kwa kasi ile zinatosha kuirudisha kwenye rundo la vipuri vibovu.

Yangu ilichukua siku mbili na haikufika hata robo ya zile dola mia sita. Bushi ya zamani ninayo hapa mezani. Tundu ambalo zamani lilikuwa duara sasa ni yai. Ukiingiza mkono wa kilango ndani yake, upande mmoja unabaki uwazi unaopitisha ukucha wa kidole gumba, na ukiitikisa karibu na sikio unasikia ileile kra-kra ya Ngomo, ila ndogo, kama inatoka mbali.

Kabla hatujarudisha boneti, kijana aliweka pampu, kijiti kikaanza kusogea pale kitabu kilipoandika. Nilimuomba akaze mzunguko mmoja zaidi, gari lipate nguvu ya kwendea Uvira. Akafuta spana kwa kitambaa, akairudisha kwenye sanduku.

"Hapana, papa. Ile mulango ikiwa nzuri, uiache ifunguke."